Kofia ya Kinga Ije Baadaye: Mwongozo wa Usalama kwa Timu za Watoto Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Kila likizo, mashindano ya mitaa yakishaanza Manyatta, Nyalenda na Obunga, wazazi wananiuliza swali lilelile: "Kocha, nimtafutie mtoto ile kofia ya Petr Čech?" Swali lenyewe ni la maana. Tarehe 14 Oktoba 2006, Chelsea wakicheza ugenini na Reading, kipa huyo aligongwa kichwani na goti la mpinzani, fuvu likavunjika na kubonyea. Alirudi golini Januari 2007 akiwa na kofia laini ya kinga, mfano wa zile za raga, na hakuiacha mpaka alipostaafu mwaka 2019.

Kofia ni kitu kizuri, ila mimi ningeiweka ya tano katika orodha ya mambo ya kufanya, na sababu nitaieleza tukifika huko. Mwongozo huu ni wa kocha wa mtaa, mwalimu wa michezo na mzazi mwenye mtoto wa chini ya miaka 15 hivi, anayechezea uwanja wa shule wenye ng'ombe asubuhi na mechi jioni. Nimeupanga vile ambavyo ningetumia pesa kidogo iliyopo.

Hatua ya 1: Anza na goli na uwanja

Goli likimwangukia mtoto linaweza kumuua, na wala si lazima iwe ni katikati ya mechi. Mara nyingi ni watoto wananing'inia huku kocha yuko pembeni anapanga timu. Sheria ya 1 ya IFAB, bodi inayotunga sheria za soka duniani, inataka kila goli lifungwe imara ardhini, na goli la kuhamishika halijaachwa nje ya sheria hiyo.

Viwanja vyetu vina magoli ya aina mbili. Kuna yale ya milingoti ya mkaratusi iliyochimbiwa, na adui yake ni mchwa. Juu mlingoti unaonekana mzima, tena umepakwa chokaa, kumbe chini ya udongo umeshaliwa. Fukua kidogo kwenye shina, chukua bisibisi au msumari mrefu, uchome. Ukiingia bila kubishana, goli hilo halifai hata kwa mazoezi. Ling'oe kabla halijajing'oa.

Halafu kuna yale ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa na fundi wa jua kali, ambayo watu wanne wanabeba na kuhamisha. Hayo yafungwe kwa vigingi vya chuma kwenye bomba la nyuma, au yawekewe magunia yaliyojaa mchanga hukohuko nyuma. Kulijaribu ni rahisi: mtu mzima ashike mtambaapanya, avute kuelekea uwanjani kwa uzito wake. Bomba la nyuma likiinuka, mchanga hautoshi. Mazoezi yakiisha, goli lilazwe kifudifudi au lifungwe kwa mnyororo mtini. Na kuning'inia ni marufuku kwa wote, pamoja na kipa anayejinyoosha na kaka zao wakubwa wanaokuja kutazama.

Kisha kagua uwanja. Wapange wachezaji mstari mmoja, bega kwa bega, watembee kutoka goli hadi goli wakitazama chini. Wanatafuta vipande vya chupa, mawe, mashimo, na hasa vigingi vya kufungia ng'ombe. Kigingi cha chuma kilichosahauliwa ndani ya nyasi za eneo la kumi na nane ndicho kitu kinachonitisha kuliko beki yeyote.

Tuko Kanda ya Ziwa, kwa hiyo radi nayo ni sehemu ya ukaguzi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi zaidi duniani, na mawingu hujikusanya alasiri, saa zetu hasa za mechi. Kanuni haina mjadala: ngurumo ikisikika, mchezo umesimama. Watoto waingie darasani au ndani ya gari lililofungwa. Chini ya mti hapana, chini ya hema hapana, na kibanda cha mabati kisicho na kuta si kimbilio. Subirini dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena dakika ya 25, hesabu inaanza upya. Refa akisita, kocha ana haki ya kutoa timu yake.

Hatua ya 2: Mpira wa umri wake

Saizi 3 kwa walio chini ya miaka 8, saizi 4 kwa miaka 8 hadi 12, saizi 5 kuanzia 13. Mpira wa saizi 5 una uzito wa gramu 410 hadi 450, na mtoto wa miaka 9 hana shingo ya kuupokea. Timu nyingi zina mpira mmoja tu, na huo ni saizi 5, kwa hiyo kama kuna mfadhili anayeuliza mnahitaji nini, ombeni mipira miwili ya saizi 4 kabla ya jezi.

Usijaze upepo kupita kiasi. Kipimo rasmi ni kati ya 0.6 na 1.1 za kanieneo ya hewa, ila bila geji bonyeza kwa vidole gumba viwili. Unapaswa kuingia kidogo. Mpira uliochanika ngozi na kunywa maji ya mvua uwe wa danadana tu.

Hatua ya 3: Kagua wachezaji kabla ya kipenga

Sheria ya 4 inataja vifaa vya lazima: jezi yenye mikono, kaptura, soksi, kinga za ugoko na viatu. Vito vyote vimekatazwa: pete, hereni, bangili, mkufu, rozari, uzi wa mkononi. Kuvifunika kwa tepu hakukubaliki, ijapokuwa kila Jumamosi kuna kijana anayekuja na hereni iliyobandikwa plasta akidhani amemaliza kazi.

Kinga za ugoko ndipo pesa ya kwanza iende. Watoto wetu ni mafundi: wanakata boksi la katoni, wanalizungushia selotepu, wanaliingiza ndani ya soksi. Kufika kipindi cha pili jasho limeshalilowesha. Wengine wanakata jerikeni, na hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu ukingo wa plastiki unachana ngozi teke likitua. Sheria inataka kinga iwe ya kitu kinachokinga kweli, na ifunikwe na soksi. Za mitumba zinapatikana soko la Kibuye, Kisumu. Iwe imefunika ugoko kutoka juu kidogo ya kifundo hadi chini ya goti, na ukiipinda isitoe mlio wa kupasuka. Vijana wa siku hizi wanapenda zile ndogo za ukubwa wa kadi kwa kuwa wamewaona mastaa nazo. Kataa.

Pitisha kiganja chini ya kila kiatu. Njumu ya mitumba huja na meno yaliyoliwa upande mmoja hadi yakawa makali. Na kwa timu ambazo nusu ya watoto hawana viatu, mazoezi yawe ya usawa: siku hiyo wote wacheze pekupeku au wote wavae raba. Kumchanganya mwenye njumu na asiye na kitu ni kutafuta vidole vilivyovunjika.

Miwani ya michezo inaruhusiwa, ile ya kawaida ya kioo hapana. Vilemba na hijabu pia vinaruhusiwa. IFAB ilikubali mavazi ya kichwani mwaka 2014, hivyo binti wa Kaloleni asiambiwe avue wala kijana wa Akorino, kanisa ambalo waumini wake huvaa vilemba, asikataliwe langoni kule Nakuru. Masharti yake ni kwamba kitambaa kiwe cheusi au cha rangi kuu ya jezi, na wenye kukivaa katika timu moja wavae rangi moja. Kisishonwe kwenye jezi, kisiwe na kitu kinachochomoza, na kisimhatarishe mtu, maana yake pini zote zitoke. Kilemba cheupe cha Akorino kwa hiyo kinaenda sawa na jezi nyeupe, na kocha mwenye busara analijua hilo kabla ya kuchagua rangi ya jezi.

Siku ya kusajili, muulize mzazi faraghani kuhusu pumu, kifafa na selimundu (sickle cell). Selimundu ni ya kawaida katika kaunti zetu za magharibi, na mtoto mwenye nayo anahitaji maji ya mara kwa mara, mapumziko zaidi, na asiachwe akilowa mvua ya baridi.

Hatua ya 4: Wekeni kanuni ya vichwa

Hatua hii haina gharama na inazidi kofia kwa mbali. Mwishoni mwa 2015, baada ya kesi iliyofunguliwa na wazazi, shirikisho la soka la Marekani lilitangaza kwamba watoto wa miaka 10 na chini wasipige mpira kwa kichwa kabisa, na wa miaka 11 hadi 13 wawekewe kikomo mazoezini. Uingereza nao mwaka 2020 waliondoa vichwa kwenye mazoezi ya watoto wa umri wa shule ya msingi, na tangu msimu wa 2024/25 wanaviondoa hatua kwa hatua hata kwenye mechi za watoto.

Nyuma ya maamuzi hayo kuna hofu ya kweli. Utafiti wa Scotland uliotolewa mwaka 2019, uliofuatilia zaidi ya wachezaji wa zamani 7,600, ulikuta wanakufa kwa magonjwa ya kuharibika ubongo kwa kiwango cha mara tatu na nusu kuliko watu wengine. Miaka miwili baadaye walewale watafiti walitazama nafasi za uwanjani: makipa hawakutofautiana sana na watu wa kawaida, mabeki ndio waliokuwa juu. Hiyo haithibitishi kwamba ni vichwa, lakini mimi sihitaji zaidi ya hapo kuamua kuhusu mtoto wa miaka 9.

Kwa mashindano yenu, kubalianeni kwenye kikao cha makocha kabla ya droo: chini ya miaka 12, hakuna kichwa cha makusudi. Akipiga, refa atoe mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, kama wafanyavyo Marekani. Goli kiki ichezwe fupi. Mtashangaa jinsi mpira wa chini unavyopendeza wakati hakuna anayetegemea kuubutua.

Kuanzia miaka 12 au 13, fundisha kidogo kidogo. Mpira mwepesi wa plastiki kwanza, mtoto ajirushie mwenyewe. Apige kwa kipaji cha uso, macho wazi, mdomo umefungwa, kidevu kimeingia ndani, shingo imekaza. Mpira usimkute kichwa kimelegea. Mara chache, kisha mazoezi yaendelee na mambo mengine. Lile zoezi la kocha kusimama pembeni anarusha kona ishirini mfululizo kwa beki mmoja liachwe.

Tena, kinachoumiza vichwa zaidi si mpira. Ni kichwa cha mwenzake, kiwiko na goti. Kwa hiyo fundisha kuruka bila viwiko kupanda, fundisha kuita "Yangu!" kwa sauti, na weka kanuni ya mazoezini: kipa akishaweka mikono juu ya mpira, kila mtu anasimama. Programu ya kupasha mwili ya FIFA 11+ Kids, inayopatikana bure kwenye intaneti, ilipopimwa kwa watoto wa miaka 7 hadi 13 ilipunguza majeraha kwa karibu nusu. Haitaki kifaa chochote.

Hatua ya 5: Sasa kofia

Sheria ya 4 inairuhusu waziwazi: kinga ya kichwa iliyotengenezwa kwa kitu laini, chepesi, chenye sponji. Helmeti ya baiskeli au ya boda boda hairuhusiwi, kwa kuwa inamlinda anayeivaa na kumpasua anayegongana naye.

Kofia inazuia nini? Inazuia michubuko, mikato na nundu, na inapunguza makali ya fuvu kugonga fuvu au mlingoti. Isichozuia ni mtikisiko wa ubongo. Funga mtungi wa maziwa kwenye boda boda, uuvalishe gunia tatu. Barabara ikiwa na mashimo maziwa yatasukasuka tu humo ndani. Ubongo nao unaumia kwa kichwa kusimama ghafla au kuzungushwa, hata ngozi isipokwaruzwa. Na kwa mpira wenyewe kofia haisaidii sana, kwa sababu mpira ni laini kuliko sponji: unabonyea wao kwanza, sponji inabaki kama ilivyo.

Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa shule za sekondari za Marekani uliogawa wachezaji zaidi ya 2,700, wengine wakavaa kofia na wengine wasivae. Kiwango cha mtikisiko wa ubongo hakikutofautiana kwa maana. Upande mwingine, chuo cha Virginia Tech, ambacho tangu 2018 kinazipima maabara na kuzipa nyota, kimeonyesha kwamba baadhi yake hupunguza sana nguvu ya kichwa kugonga kichwa. Maabara inasema hivi, uwanja unasema vile, na mtoto wako anacheza uwanjani.

Mimi ningemnunulia kipa kwanza, kwa sababu ndiye anayejitupa miguuni mwa watu na jirani na milingoti. Kisha mtoto aliyewahi kushonwa kichwani, daktari akishamruhusu kucheza. Wasichana pia ningewafikiria, maana wanapata mtikisiko kwa kiwango cha juu kuliko wavulana, ijapokuwa dawa kubwa zaidi kwao ni hatua ya 4. Kwa kiungo wa miaka 10 aliyekatazwa vichwa, nunua kinga za ugoko.

Ukiamua kununua, zipo aina mbili: mkanda wa sponji unaozunguka kipaji na kisogo, na kofia nzima yenye mkanda wa kidevuni kama ya raga. Ya mkanda ni nyepesi kwenye joto letu. Kofia nzima inafunika zaidi na haichomoki. Zilizotengenezwa kwa ajili ya soka huandikwa ASTM F2439, kipimo cha mwaka 2006 cha shirika la viwango la Marekani. Kofia za raga nazo huangukia kwenye mitumba, hasa Nakuru ambako raga ina mizizi; si za soka, lakini zikiwa laini refa kwa kawaida hazikatai. Mwonyeshe kabla ya mechi, si kwenye mstari wa kati.

Ukiwa na kofia ya mitumba mkononi, ifanyie hivi. Bonyeza sponji kila sehemu kwa kidole gumba na uachie: inapaswa kurudi yenyewe. Ikibaki na alama ya kidole, au ikimwaga unga, imekufa. Vuta mishono. Angalia kifungo cha kidevuni kisiwe na plastiki kali inayochomoza. Inuse: harufu ya ukungu haiondoki na sabuni.

Kupima, chukua futi kamba ya fundi cherehani, zungusha kichwa upana wa kidole juu ya nyusi na juu ya uvimbe wa kisogo. Kama binti amesuka, mpime na msuko alionao, na ujue akifumua kofia italegea. Mvalishe, mwambie atikise kichwa kulia na kushoto kwa nguvu, kisha ainame na kuruka. Kofia ikiteleza hadi kwenye macho, ni kubwa, na kubwa ni mbaya kuliko kutovaa kwa sababu itamziba macho mpira uko hewani. Vidole viwili viingie chini ya mkanda wa kidevu, visizidi. Mwisho, simama nyuma yake hatua kumi uite jina lake kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka, imemziba masikio.

Kila mtoto na kofia yake. Ile ya timu inayopita kwenye vichwa sita inapitisha mapunye pia. Ioshwe kwa mkono na sabuni laini, ianikwe kivulini. Ukiianika juu ya mabati ya moto, sponji inakakamaa.

Halafu mkalishe mtoto umwambie wazi kwamba hiyo kofia haimruhusu kuingia kichwa kichwa. Nimeona vijana wakishavaa wanageuka fahali.

Hatua ya 6: Akigongwa

Kabla ya mechi, chagueni mtu mmoja mwenye mamlaka ya kumtoa mtoto aliyegongwa kichwa. Asiwe kocha mkuu. Kocha anataka kushinda, baba mtu yuko kwenye mstari anapiga kelele, na mtoto mwenyewe atasema yuko sawa. Mama mmoja mtulivu mwenye karatasi ya maswali anatosha. Waandaaji nao wakubali kwamba mbadala wa mchezaji aliyegongwa kichwa hahesabiwi kati ya wale walioruhusiwa. Sheria za IFAB zimeyapa mashindano nafasi ya kuwa na badiliko la ziada la namna hiyo. Kipengele hicho kimoja kinamwondolea kocha nusu ya kishawishi.

Mtoto hahitaji kuzimia ndipo iwe ni mtikisiko. Wengi hawazimii. Nimemwona kijana wa miaka 14, mechi ya mtaa Nyalenda, amegongana kichwa na beki, akainuka mwenyewe, akajipangusa vumbi, akadai mpira, akaanza kulishambulia goli lake. Mashabiki walicheka sana. Alipoulizwa nani kafunga bao la mwisho, akataja bao la mechi ya wiki iliyopita.

Maswali yanayotumika duniani kwa vijana wa umri huo na zaidi ni mepesi: Tuko uwanja gani leo? Hiki ni kipindi cha ngapi? Nani alifunga bao la mwisho? Mechi iliyopita mlicheza na nani? Mlishinda? Kukosa hata moja kunatosha kumtoa. Mtoto mdogo usimtegemee kwa majibu, mtazame. Anatembea kama amelewa, anashika kichwa, anakodoa macho, analia bila sababu, amechelewa kuinuka. Ukishashuku, anatoka na harudi siku hiyo, hata kama baada ya dakika kumi anaruka ruka. Ndiyo kampeni ya FIFA na Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024 ilivyosema pia: hakuna mechi inayostahili hatari hiyo.

Dalili hizi ni za hospitali mara moja:

- maumivu ya shingo
- kuzimia, hata kwa sekunde chache, au degedege
- kutapika
- kuona vitu viwili viwili
- mikono au miguu kufa ganzi au kukosa nguvu
- kichwa kuuma zaidi kadiri muda unavyokwenda
- kuchanganyikiwa kunakoongezeka, ukali usio wa kawaida, au usingizi mzito
- fuvu kuonekana limebonyea

Akiwa chini na analalamika shingo, au hajitambui, usimwinue. Mshikilieni kichwa kisigeuke, angalia kama anapumua, watu wasogee. Yale ya kumwagia ndoo ya maji, kumpiga makofi, kumnusisha kitunguu na kumnywesha soda yaachwe. Usimpe aspirini wala ibuprofen.

Usimpakie boda boda. Najua ndiyo usafiri uliopo pale getini, najua mwendeshaji ana moyo mzuri, lakini mtoto aliyebanwa katikati ya watu wawili huku kichwa kinaning'inia anaweza kumalizwa na matuta ya barabara. Tafuta gari, hata pikapu, alazwe. Namba ya bure ya dharura ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Iandikwe kwenye boksi la huduma ya kwanza, pamoja na namba ya jirani wa uwanja mwenye gari. Kisumu kesi nzito zinaishia hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile wazee wanayoiita Russia. Kakamega na Nakuru nazo zina hospitali zao za rufaa za kaunti.

Ukifika, sentensi yako ya kwanza iwe: "Amegongwa kichwa uwanjani saa fulani." Ukianza kwa kusema mtoto anaumwa kichwa na anatapika, huku kwetu atapelekwa moja kwa moja kupimwa malaria. Na anaweza kuwa na malaria kweli, vipimo vikatoka hivyo, kumbe ubongo unavuja damu. Yote mawili yasemwe.

Akiruhusiwa kwenda nyumbani, asiachwe peke yake saa 24 za kwanza. Kulala si hatari, alale. Mtu mzima awe chumba hichohicho na afuate maagizo ya hospitali kuhusu kumwamsha. Akishindwa kuamka vizuri, au dalili yoyote ya orodha ile ikitokea, rudini usiku huohuo. Siku mbili za mwanzo apumzike na simu na televisheni zipunguzwe. Kutembea nyumbani taratibu hakuna ubaya.

Hatua ya 7: Kurudi

Darasa kwanza, uwanja baadaye. Mwalimu wa darasa aambiwe, kwa sababu mtoto atasahau, atachoka mapema na ataumwa kichwa akisoma ubaoni, na bila taarifa hiyo ataitwa mvivu.

Baada ya hapo anapanda ngazi, na kila ngazi inachukua angalau saa 24: shughuli za kawaida za nyumbani, kutembea haraka au kukimbia taratibu, mazoezi ya mpira akiwa peke yake, mazoezi na wenzake bila kugusana, mazoezi kamili daktari akishaidhinisha, halafu mechi. Dalili zikirudi anashuka ngazi moja. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2023 kwa michezo ya mitaani unataka mechi isiwe kabla ya siku 21, na mazoezi ya kugongana yasubiri mpaka dalili zimeisha kwa siku 14. Mimi nafuata huohuo, kwa sababu huku kwetu daktari wa michezo wa kumpima mtoto kila ngazi hayupo jirani, na siku ndizo kipimo tulicho nacho.

Wiki ya pili ndiyo ngumu. Mtoto yuko mzima machoni, fainali ni Jumapili, na baba anakupigia: "Kocha, kijana yuko fiti, hata jana alicheza nje." Fungua daftari umsomee tarehe ya kugongwa na tarehe ya siku ya 21, bila kubishana kuhusu anavyoonekana. Daftari hilo liwe na ukurasa kwa kila aliyegongwa: tarehe, jinsi ilivyotokea, majibu ya maswali, hospitali, ngazi aliyofikia. Akihamia shule nyingine muhula ujao, piga picha ukurasa ule umtumie mzazi, amwonyeshe kocha mpya kabla mtoto hajavaa jezi ya huko.